Kufundisha Umbali na Muda: Safari ya Ndege kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam

Mtoto wa Kasulu au Kibondo anaijua safari ya miguu, ya baiskeli na ya basi. Ndege huiona ikipita juu tu. Kwa sababu hiyo baadhi ya walimu huliruka swali la ndege lililomo kitabuni. Sisi tunashauri kinyume chake. Safari ambayo mtoto hawezi kuipima kwa miguu ndiyo inayomwonyesha haja ya hesabu, mradi aanzie mahali anapopajua.

Shabaha

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kupima umbali katika ramani, kukokotoa muda wa safari, na kueleza kwa nini muda wa safari nzima huzidi ule wa hesabu.

Vifaa

Ramani ya Tanzania yenye skeli ya 1:5,000,000, na rula.

Hatua ya kwanza: Nyumbani

Siku moja kabla ya somo, wanafunzi wamwulize dereva wa basi umbali wa barabara ya Kasulu hadi Kibondo. Darasani wapime ramani. Sentimita 1 ni kilomita 50. Watapata kama sentimita 2.6, yaani kilomita 130. Jibu la dereva litakuwa kubwa zaidi. Mwalimu asiseme sababu. Wanafunzi wenyewe watavitaja vilima na mabonde ambayo barabara huyazunguka.

Hatua ya pili: Safari ya mbali

Sasa wapime Kigoma hadi Dar es Salaam: kama sentimita 21.6, yaani kilomita 1,080. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa kilomita 1,250 hivi, kwani hupitia Tabora, Dodoma na Morogoro. Mtoto aliyeielewa barabara ya Kibondo ataielewa tofauti hii bila shida.

Hatua ya tatu: Muda

Tuseme ndege ya pangaboi inakwenda kilomita 600 kwa saa. 1,080 ÷ 600 = 1.8. Hapa ndipo somo hukwama. Mmoja ataandika saa 1 na dakika 8, mwingine saa 1 na dakika 80. Tusiyafute majibu hayo upesi. Tuulize: je, dakika 80 hazizidi saa nzima? Kisha tuigawe saa katika sehemu kumi. Kila sehemu ni dakika 6. Sehemu nane ni dakika 48. Jibu ni saa 1 na dakika 48.

Ndege ikiondoka saa 4:00 asubuhi, itafika saa 5:48. Tuwaonyeshe pia kuwa tiketi huandikwa 10:00. Atakayeisoma kuwa ni saa kumi jioni ataachwa na ndege.

Hatua ya nne: Hesabu na hali halisi

Ndege hutembea uwanjani, hupaa na hushuka kwa mwendo mdogo zaidi. Safari nzima ikichukua saa 2 na dakika 15, mwendo wa wastani ni kilomita 480 kwa saa. Neno «wastani» lifafanuliwe polepole, hasa kwa watoto wanaozungumza Kiha nyumbani.

Kazi ya mwanachuo

1. Andaa swali la namna hii kwa kutumia baiskeli na kijiji cha jirani.
2. Dunia ni mviringo. Eleza kwa nini umbali wa Dar es Salaam hadi London, kilomita 7,500 hivi, hupimwa vizuri zaidi kwa uzi juu ya tufe kuliko kwa rula katika ramani.