Sura Yako Kwenye Bango la Ploti

Mdogo wangu wa Isinya, ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Ulikuwa kwenye meza ya mama sokoni Kajiado, umevaa shuka na shanga kama kawaida ya siku ya kuuza. Kijana mwenye kamera akaomba akupige picha, ukakubali. Miezi minne baadaye uko kwenye matatu, mnakaribia Kitengela, ukajiona juu ya bango: unatabasamu kando ya bwana wa suti aliyeshika funguo, na chini yenu bei ya ploti za hamsini kwa mia. Wenzako wa darasa la uhasibu wanakuita staa. Mama anasema achana nayo, mbona umependeza. Wewe usingizi umekuruka.

Hukukosea kukosa usingizi. Shanga hazina kosa, ni kazi ya mikono ya mama yako, nazo ndizo zilizokulipia karo. Kosa ni nafasi waliyokupa: yule bwana ni mnunuzi, wewe ni pambo la kuonyesha kwamba hapa ni kwa Wamaasai. Ukipanda matatu tena, tazama mabango mengine. Sabuni ya unga na mafuta ya kupikia huwa ni mama. Mkopo na simenti huwa ni baba, tena kavaa kofia ya mjenzi. Ilhali nyumba ya Kimaasai tangu jadi hujengwa na mwanamke. Nyanya yako alikata fito, akazifunga, akakandika kwa udongo na samadi. Katika picha ile, mjukuu wa mjenzi hana hata funguo.

Kinachonichoma zaidi ni ardhi. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na walioandikwa kwenye daftari walikuwa hasa wanaume wenye boma. Mama zetu wengi hawakuulizwa ardhi ilipokatwa, wala ilipouzwa. Leo mashamba hayo yanatafutiwa wateja kwa uso wa binti yao.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipoenda kujaribu bahati yangu kwenye tangazo la sabuni. Niliwekwa mstari wa nyuma, na mama mmoja akaniambia weusi wangu unameza mwanga. Siku hiyohiyo nilinunua krimu ya kujichubua, nikajipaka wiki mbili hadi mashavu yakawa yanawaka kama yamemwagiwa maji moto. Sikumlalamikia mtu yeyote. Nilidhani aibu ni yangu.

Usinyamaze kama nilivyonyamaza. Mwaka 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilipofuta nywele za Lupita Nyong'o kwenye picha ya jalada, alisema hadharani, na jarida likaomba msamaha. Utaniambia yule ni Lupita. Sawa, tuje basi kwa mtu wa kawaida. Septemba 2023 Kamishna wa Data alikitoza kilabu cha Casa Vera cha Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinataka uwe umekubali waziwazi kabla mtu hajatumia taarifa zako kufanyia biashara, na picha yako ni taarifa zako. Ulikubali kupigwa picha sokoni. Hukukubali kuuza ploti.

Kwa hiyo Jumamosi panda uende hadi kwenye bango, ulipige picha likionekana pamoja na jina la kampuni na mahali liliposimama. Andika tarehe. Iandikie kampuni barua fupi, bila matusi: waonyeshe idhini yako iko wapi, waliondoe bango, na wakulipe kwa muda wote ulipowafanyia kazi bila kujua. Weka nakala. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Kamishna. Huhitaji wakili, na sheria inataka yachunguzwe na kuamuliwa ndani ya siku 90.

Kuhusu mama, usigombane naye. Amezoea kuambiwa kupendeza kunatosha. Mkumbushe tu kwamba jimbo hili letu la Kajiado Mashariki, mwaka 2013, lilimchagua Peris Tobiko, mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa mbunge, na wako wazee waliomtolea laana kwa kuthubutu kugombea. Alivaa shanga zake na akazungumza.

Halafu mwombe mkaende naye hiyo Jumamosi. Barua yako nitumie kabla hujaipeleka, tuisome pamoja.