Kufundisha Ngano ya Yeti: Hadithi, Ushahidi na Heshima

Mwalimu anaposimulia hadithi ya zimwi darasani, mara nyingi mtoto mmoja huinua mkono na kuuliza: “Mwalimu, zimwi lipo kweli?” Swali hili huwatatiza walimu wengi. Wako wanaocheka, na wako wanaoitikia tu ili somo liendelee. Njia zote mbili zina madhara. Anayecheka humfundisha mtoto kwamba bibi yake aliyemsimulia ni mwongo. Anayeitikia kila jambo humnyima mtoto kipimo cha kupambanua ukweli. Katika makala haya tunakusudia kueleza njia ya tatu, kwa kutumia ngano ya Yeti, mtu wa manyoya asimuliwaye katika milima ya Himalaya. Tumeichagua ngano hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni ya mbali, hivyo watoto waweza kuichunguza bila kuona kwamba wazee wao wanashtakiwa. Pili, ushahidi wake umechunguzwa kwa miaka mingi.

1. Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Washerpa hukaa katika mabonde ya juu ya Nepal, karibu na Mlima Everest wenye kimo cha mita 8,849. Hulima viazi na kufuga yak, ng'ombe wenye manyoya marefu. Husimulia kwamba Yeti hutembea kwa miguu miwili, ana manyoya mwili mzima, hupiga mluzi, na huvamia mifugo malishoni. Ngano yao moja yasema kwamba zamani Yeti walikuwa wengi, wakawasumbua mno wanavijiji. Watu wakafanya hila. Walikwenda malishoni wakajifanya wanakunywa pombe na kupigana kwa panga za mti. Jioni wakaondoka, wakaacha mitungi ya pombe na panga za chuma. Yeti, waliokuwa wakitazama kutoka mafichoni, wakashuka kuiga waliyoyaona, wakalewa, wakauana. Waliosalia wakakimbilia juu milimani.

Wageni walianza kuzungumza sana habari za Yeti baada ya mwaka 1921. Mwaka huo msafara wa Waingereza ulioongozwa na Charles Howard-Bury ulikuta nyayo katika theluji karibu na Everest. Yeye alidhani ni za mbwa-mwitu, lakini wapagazi walizitaja kuwa za “metoh-kangmi”. Mwandishi wa gazeti nchini India, Henry Newman, alilifasiri neno la kwanza vibaya, na kiumbe huyo akajulikana Ulaya kwa jina la Mtu wa Theluji Achukizaye. Wataalamu wa baadaye wameeleza kwamba neno hilo lakaribia kumaanisha “mtu-dubu”. Yafaa mwalimu akumbuke jambo hili, kwa kuwa wenye lugha yao walikuwa wamekwisha kumtaja dubu.

Mwaka 1951 Eric Shipton alipiga picha ya unyayo mkubwa katika barafu ya Menlung, shoka la kupandia barafu likiwa kando yake ili kuonyesha ukubwa. Picha hiyo ilienea duniani kote. Mwaka 2017 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Charlotte Lindqvist lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa vitu 9 vilivyosemwa kuwa vya Yeti, kama mifupa, ngozi na manyoya. Vitu 8 vilikuwa vya dubu, na 1 cha mbwa.

2. Hatua za somo

Somo hili lafaa darasa la tano au la sita, kwa vipindi viwili. Vifaa vyake ni ramani ya dunia, ubao, rula, ndoo ya maji, na mahali penye mchanga au udongo laini.

Hatua ya kwanza: Kusimulia. Baada ya kuonyesha Nepal katika ramani, mwalimu asimulie ngano ya pombe na panga kwa ukamilifu wake. Asianze kwa kusema “hii si kweli”, maana hadithi iliyokwisha kuhukumiwa haisikilizwi. Kisha aulize: Ni tabia gani iliyowaangamiza Yeti? Wasimulizi walitaka watoto wao wajihadhari na nini?

Hatua ya pili: Kupambanua. Mwalimu achore ubaoni safu tatu zenye vichwa hivi: Yanayosimuliwa, Yaliyoonekana, Yaliyothibitishwa. Watoto waweke kila habari mahali pake. Mluzi wa Yeti utaingia safu ya kwanza. Unyayo wa Shipton utaingia safu ya pili, kwa kuwa picha yaonyesha alama katika barafu, wala haimwonyeshi aliyeiacha. Matokeo ya mwaka 2017 yataingia safu ya tatu.

Hatua ya tatu: Jaribio la nyayo. Mtoto mmoja akanyage mchanga uliolowa. Wenzake wapime urefu na upana wa unyayo, halafu wamwage maji polepole kwenye kingo zake na kupima tena. Wataona kwamba unyayo umepanuka. Jua nalo huyeyusha kingo za unyayo katika theluji, hata wa mnyama wa kawaida ukaonekana mkubwa. Baadaye mtoto mwingine abandike kiganja mchangani, kisha abandike tena kikifunika nusu ya alama ya kwanza. Alama hizo mbili zitaonekana kama unyayo mmoja mrefu. Dubu atembeapo, mguu wa nyuma huweza kukanyaga juu ya alama ya mguu wa mbele kwa namna hiyo hiyo.

Hatua ya nne: Majadiliano. Watoto waulizwe: Je, Msherpa aliyesema ameona nyayo za Yeti alidanganya? Mwalimu awaongoze waone kwamba mtu huweza kuona jambo la kweli na kulipa maelezo yasiyo sahihi.

3. Mfano wa Khumjung

Mwalimu akiulizwa kama uchunguzi ni dharau kwa wazee, atoe mfano wa kijiji cha Khumjung. Hekalu la kijiji hicho lilitunza ngozi ya kichwa yenye nywele iliyosemwa kuwa ya Yeti. Mwaka 1960 Edmund Hillary, ambaye pamoja na Tenzing Norgay alifika kilele cha Everest mwaka 1953, aliomba kuiazima. Wazee walikubali, nayo ikasafiri pamoja na mzee wao mmoja, Khunjo Chumbi, hadi Marekani na Ulaya. Wataalamu waliona kwamba imetengenezwa kwa ngozi ya serow, mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi. Ngozi ilirudishwa hekaluni, na hadi leo yahifadhiwa huko. Mwaka 1961 shule ilifunguliwa katika kijiji hicho hicho kwa juhudi za Hillary na wanakijiji. Hivyo watoto wa Khumjung walipata mahali pa kujifunza sayansi, na ngano ya wazee wao haikutupwa.

Sisi walimu tuna wajibu wa namna hiyo. Mtoto akituuliza kama zimwi la bibi yake lipo, tumjibu kwamba hakuna aliyethibitisha kuwa lipo. Halafu tumtume akamwulize bibi hadithi hiyo ilimfunza nini alipokuwa mdogo.

Zoezi kwa wanachuo

(a) Kusanya ngano moja ya kiumbe wa kutisha kutoka kwa mzee wa kwenu, uiandike kama alivyoisimulia.
(b) Andaa safu tatu za ubaoni kwa ngano hiyo.
(c) Tunga maswali matatu ambayo mtoto aweza kumwuliza msimulizi bila kumvunjia heshima.