Kisa cha Farasi na Ushahidi Wake

Ndugu zetu Waislamu,

Wako miongoni mwetu wapendao kuhadithia ya kwamba katika mwaka wa 1322 shekhe mmoja wa Kiarabu aliiba manii ya farasi dume wa hasimu wake, akayatia katika farasi wake jike, naye akashika mimba. Wakisha husema kwa fahari: “Mwaona! Sisi ndio tulioanza!”

Sisi twauliza: ni nani aliyeyaandika hayo zama hizo? Wasimulizi hawatuonyeshi kitabu wala shahidi. Nasi tumefunzwa tusipokee khabari ila baada ya kutazama mapokezi yake. Je, tuuache mwendo huo kwa kuwa khabari hii yatufurahisha?

Yaliyo na ushahidi ni haya. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ilya Ivanov wa Urusi aliwapa mimba farasi wengi kwa kuwatia manii bila ya kupandwa na dume. Kisha ikaja elimu ya kuhamisha mimba changa. Farasi hubeba mimba kiasi cha miezi 11, basi kwa mwaka huzaa mtoto mmoja tu. Siku ya 7 au ya 8 baada ya yai kutoka, mtaalamu huosha mfuko wa uzazi, akaitoa mimba iliyo ndogo mno, akaitia kwa jike mwingine ailee mpaka azae. Hivyo jike wa asili njema aweza kupata watoto kadhaa kwa mwaka. Mwaka wa 1996, huko Colorado, Marekani, alizaliwa mtoto aliyetokana na yai lililodungwa mbegu moja tu ya dume kwa sindano. Na mwaka wa 2003, huko Italia, alizaliwa Prometea, farasi wa kwanza aliyefanywa kuwa nakala ya mwingine. Na jike aliyenakiliwa ndiye aliyembeba.

Fahari iliyo na ushahidi tunayo. Katika karne hiyo ya 14, Abu Bakr bin Badr, tabibu wa farasi wa Sultani wa Misri, al-Nasir Muhammad, aliandika kitabu kikubwa juu ya farasi na maradhi yao, na kitabu hicho kingalipo. Yeye aliandika baada ya kuchungua. Sisi twahadithia tusichokichungua.

Mwenye kujisifia shamba la babu yake, na minazi imemezwa na magugu, hana nazi ya kupikia. Basi na tuwapeleke vijana wetu wakasome uganga wa wanyama, ili wajao wapate kisa cha kweli cha kutuhadithia.