Onesimo: mtumwa au mtumishi?

Tufungue barua kwa Filemoni. Ni mistari 25 tu.

Wengi wetu tulifundishwa hivi: Onesimo aliiba, akatoroka, akakutana na Paulo kifungoni, akaokoka. Basi tutafute mstari unaosema alitoroka. Hakuna! Mstari wa 15 unasema tu walitengana kwa muda, na wa 18 unasema "kama" alikosa. Habari ya mtoro ilihubiriwa sana na Yohana Krisostomo katika karne ya 4. Mwaka 1985 mtaalamu Mjerumani, Peter Lampe, aliandika ya kwamba pengine Onesimo alimwendea Paulo kusudi, sababu alikuwa rafiki wa bwana wake, ili amwombee. Sheria ya Roma haikumhesabu mtu wa namna ile kuwa mtoro. Sisi tunaona neno hilo lina nguvu.

Lakini kuna shida ingine, nayo iko katika masikio yetu. Mtume, mtumwa, mtumishi: yote yanatoka kwa "kutuma". Hapa Bunia tukisema "baba anatumika", maana yake ana kazi, anapata mshahara. Ndiyo sababu tunasikia mtumwa kama mtumishi wa kazi nguvu tu. Kigiriki kinasema "doulos", ni kusema mtu aliye mali ya mtu, anauzwa kama mbuzi, na watoto wake si wake.

Wazee wa Ituri walijua jambo hilo. Mwaka 1887 Stanley alikuta katika pori letu kambi za Ugarrowwa na Kilonga-Longa. Watu wao walichoma vijiji, wakakamata wanawake na watoto, wakadai pembe za tembo ili wawarudishe. Na watu hao ni kati ya wale waliotuletea Kiswahili, lugha hii hii tunayosomea Filemoni.

Sasa mstari wa 16. Paulo anaomba Onesimo apokelewe kama ndugu, si mtumwa tena. Wengine wanasema ni undugu wa kanisani tu, kazini abaki vile vile. Hatukubali, maana Paulo anaongeza: katika mwili na katika Bwana. Katika mwili ni nyumbani, mezani, shambani.

Tena tuangalie mstari wa 2: barua inasalimu pia kanisa la nyumbani mwa Filemoni. Ni kusema ilisomwa mbele ya wote, pengine na watumwa wengine wa nyumba ile wamekaa pale pale, wanangoja kusikia bwana atajibu nini.