Si Kila Anayeyumba Amelewa: Tuufahamu "Mchele" wa Vinywaji

Voi ni njia panda. Barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, ile ya kwenda Taveta hadi mpakani Holili, na reli ya SGR hukutana hapa. Kila siku wasafiri na madereva wa malori hula, hunywa na kulala miongoni mwa watu wasiowajua. Hiyo ndiyo nafasi anayoitafuta mhalifu mwenye "mchele".

"Mchele" ni nini?

Ni jina la mtaani la dawa anayotiliwa mtu kwenye kinywaji au chakula ili aibiwe au abakwe. Mara nyingi ni dawa za usingizi za kundi la benzodiazepini, kama vile diazepamu. Hospitalini dawa hizo zina kazi njema. Diazepamu, kwa mfano, hutuliza degedege. Ndiyo maana zinapaswa kutolewa kwa agizo la daktari tu.

Hudhuru vipi?

Hupunguza kasi ya ubongo. Mara nyingi katika muda wa nusu saa, ulimi huwa mzito, miguu hulegea na usingizi humzidi mtu. Akiamka, huenda asikumbuke lolote. Pombe nayo hupunguza kasi ya ubongo, hivyo zikichanganyika pumzi inaweza kukatika. Wengine hukabwa na matapishi wakiwa wamelala. Basi usemi "mwacheni alale, pombe itamtoka" unaweza kugharimu maisha.

Dalili kubwa ni hii: mtu amekunywa kidogo, au soda tu, lakini amelewa kupita kiasi. Usitegemee rangi, harufu wala ladha. Dawa nyingi hazijulikani kwa hayo.

Jikinge

- Chupa ifunguliwe mbele yako.
- Ukienda msalani ukarudi, agiza kinywaji kingine.
- Ndani ya basi, usipokee biskuti, peremende au soda kutoka kwa usiyemjua.
- Mlikwenda pamoja, rudini pamoja.

Ukimkuta mwathiriwa

1. Mlaze kwa ubavu na usimwache peke yake. Usimwache aondoke na "rafiki" asiyejulikana.
2. Usimpe kahawa wala maziwa, na usimlazimishe kutapika.
3. Piga 999 au 112, au mfikishe hospitali iliyo karibu. Walioko Voi wana Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi.
4. Hifadhi kinywaji kilichobaki. Dawa nyingine hutoka mwilini kwa saa chache, kwa hiyo damu na mkojo vipimwe mapema.
5. Ikiwa amebakwa, asioge kabla ya kupimwa. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72. Mapema ni bora zaidi. Namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo.

Sheria yasemaje?

Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, anayemlewesha mtu kwa dawa ili amfanyie tendo la ngono hufungwa kwa muda usiopungua miaka 10. Aliyetiliwa dawa hana kosa, hata kama alikuwa baa. Aibu isimzuie kupiga ripoti.

Maswali ya kujadili nyumbani au kwenye chama

1. Mhudumu wa baa akiona mteja amelegea ghafla, afanye nini?
2. Mwanabodaboda akipakizwa abiria asiyejifahamu, ampeleke wapi?