Gemu Kutoka Garissa: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya ni kwa vijana wa Garissa, Wajir na Mandera wanaounda gemu za RPG, zile ambazo mchezaji huchukua nafasi ya mhusika na kumkuza kutoka mnyonge hadi shujaa.

Usiandike "Sehemu ya Kwanza" kwenye jalada. Mfululizo huzaliwa na gemu iliyokamilika na kuchezwa. Square ya Japani ilitoa Final Fantasy mwaka 1987 bila nambari. Ya pili ilikuja baada ya ile ya kwanza kupata wanunuzi. Wewe una hadithi ya miji kumi na hata mmoja hujaumaliza. Umalize.

Ukifika kwenye nambari, usizichezee. Marekani, Final Fantasy ya nne iliuzwa mwaka 1991 kama ya pili, na ya sita ikauzwa mwaka 1994 kama ya tatu, kwa kuwa nyingine hazikuwa zimetolewa huko. Mwaka 1997 ikaingia ya saba kwa nambari yake halisi, na mnunuzi akabaki akitafuta tatu za katikati. Jina moja, nambari moja, kila soko.

Andikisha jina kabla ya kulitangaza. Dragon Quest iliingia Marekani mwaka 1989 kwa jina la Dragon Warrior, kwa sababu DragonQuest lilikuwa tayari jina la mchezo wa mezani. Ilichukua hadi 2005, sehemu ya nane, kutumia jina lake huko. Kenya, alama za biashara huandikishwa KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya: hakikisha kwanza kwamba jina halijachukuliwa, lipa, kisha ngoja siku 60 za pingamizi baada ya kutangazwa kwenye jarida la taasisi. Ulinzi ni wa miaka 10 na unaweza kuongezwa. Lakini haukulindi nje ya Kenya.

Usijimilikishe Araweelo wala Dhegdheer. Malkia yule na yule mla watu mwenye sikio refu ni wa kila ayeeyo, yaani bibi, anayesimulia usiku. Waingize kwenye hadithi, ila mfululizo upe jina ulilobuni mwenyewe. Kiro'o Games ya Yaoundé ilipotoa Aurion mwaka 2016, ilichota mila za Afrika ikajenga ufalme wake yenyewe, Zama.

Usitaje koo halisi kwenye makundi ya vita. Kwetu ukoo huamua kura na huamua kisima. Ukiupa ukoo wa mtu nafasi ya adui, umeshachukua upande, na picha zitazunguka kwenye WhatsApp kabla hujapata nafasi ya kujieleza. Buni makundi yako, na alama zao za ngamia pia.

Usigeuze vifo vyetu kuwa misheni. Mauaji ya Bulla Karatasi ya 1980, ya Wagalla ya 1984, ya Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015: watu 148 waliuawa pale chuoni, na wazazi wao wengi wako hai. Hakuna kukusanya alama juu ya hayo. Ukiwa na neno zito la kusema kuhusu Wagalla, nenda Wajir, ukae na walionusurika, uombe ruhusa. Wakikataa, ukubali.

Ijaribu kwenye simu ya bei nafuu. Wateja wako hununua bando la siku, kwa hiyo gemu iwe nyepesi. Godot, programu ya kuundia gemu, ni bure na haidai mgao wa mapato. Mazungumzo yote yakae kwenye faili lake tangu mwanzo, ili Kisomali, Kiswahili na Kiingereza viingie bila kuvunja programu.

Usimpe mchapishaji jina. Kujichapishia kunawezekana: Google Play hutoza dola 25 mara moja, Steam dola 100 kwa kila gemu. Ukiamua kusaini, mpe haki ya kuuza gemu moja, kwa muda uliotajwa, katika nchi zilizotajwa. Kifungu cha "gemu zote zitakazofuata" kikatwe. Asipokubali kukikata, ondoka mezani hata kama hela ya awali inakutoa udenda, mdogo wangu, kwa sababu jina likiwa lake hutaweza kutoa sehemu ya pili hata ukiwa umeshaimaliza.