URITHI, CHAKULA NA MARADHI YA MOYO

Watumishi wa umma na wakazi wa Ubaruku wanakumbushwa kuwa mtu aliyezaliwa katika ukoo wenye maradhi ya moyo hajahukumiwa. Urithi una nguvu, lakini chakula nacho kina sehemu yake.

Lehemu inapopenya katika ukuta wa mshipa wa damu, chembe nyeupe huiendea kama ziendeavyo jeraha. Hapo huzuka inflamesheni, yaani mwako wa kinga ya mwili usiozimika upesi. Ukuta hunenepa, na ukipasuka damu huganda na kuuziba mshipa. Miongoni mwa vibebavyo lehemu imo lipoprotini (a), ambayo huuchochea mwako huo, na ambayo kiasi chake huamuliwa zaidi na jeni.

Jambo hili lilichunguzwa jirani nasi, Ludewa, wilaya iliyokuwa mkoani Iringa na ambayo sasa imo Njombe. Utafiti wa Lugalawa, uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la Lancet, uliwalinganisha wanakijiji zaidi ya 1,200: wala samaki wa Ziwa Nyasa, na wakulima wa milimani waliokula vyakula vya shambani. Wala samaki walikuwa na shinikizo la damu la chini na lipoprotini (a) kidogo zaidi. Uchambuzi wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa ukubwa wa protini hiyo, ambao hurithiwa, haukueleza tofauti hiyo.

Ulinganisho peke yake hauthibitishi sababu. Kwa hiyo lina uzito jaribio la Kilimanjaro lililochapishwa mwaka 2025, lililowahusisha wanaume 77 wenye afya. Watu wa vijijini walipolishwa vyakula vya Kimagharibi kwa wiki mbili, dalili za inflamesheni katika damu zilipanda; wa mjini walipopewa vyakula vya asili, zilishuka. Jeni zao zilikuwa zile zile. Wanawake, hata hivyo, hawakushirikishwa, wala maradhi ya moyo yenyewe hayakupimwa.

Mwenye mzazi au ndugu aliyepatwa na shambulio la moyo mapema apimwe shinikizo la damu, sukari na lehemu bila kungoja maumivu ya kifua. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kutegemea chakula. Wali wa Usangu hauna kosa. Wa kulaumiwa ni wali uliojaa mafuta na chumvi, usio na maharage, mboga wala samaki.